Tafadhali, Anza Wewe

Touria Meskini hakuwa mtu wa uongo. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa karani wa sekondari ileile aliyosoma mwenyewe, pale Meknes, na kutoka nyuma ya dirisha lake dogo alikuwa amesikia uongo wa kila sampuli: mabibi waliofariki mara tatu kwa mwaka mmoja, saa zilizosimama zenyewe, vyeti vilivyoliwa na mbuzi. Yeye kazi yake ilikuwa kugonga muhuri juu ya yaliyo kweli. Ndiyo maana mumewe, Mbarek, alibaki na glasi ya chai hewani jioni ile alipochungulia juu ya bega lake na kusoma alichokuwa akiandika kwenye simu.

"Gofu! Wazo zuri kweli. Mbona mmechelewa kulisema?"

"Touria," akasema Mbarek taratibu, "wewe na gofu ni wapi na wapi?"

"Ninyamazie kidogo. Hafida keshakubali."

"Juzi umerusha ganda la tikiti kwenye pipa, ukampata paka."

"Yule paka alisogea."

Kundi lenyewe la kwenye simu lilikuwa la watu wanne, na waliliita Dawati la Nyuma kwa sababu ndiko walikokaa mwaka wa mwisho wa shule. Hafida sasa alikuwa hakimu huko Tanja. Naoual alikwenda Lyon kusoma, akaolewa, akaachika, akafungua duka la miwani. Jaouad alikuwa daktari wa meno Casablanca. Wa nne, Touria, alibaki pale pale mlangoni pa shule, kama asemavyo mwenyewe, hakuhama hata mtaa. Walikuwa wameonana wawili wawili kwenye arusi na matanga, lakini wote wanne pamoja, hapana, tangu siku ya matokeo, na hiyo ni miaka thelathini na mitano.

Sasa Jumapili ile Jaouad aliandika: "Jamani, tutazeeka tukitumiana picha za maua. Tukutane Meknes mwezi wa tisa, wakati wa mavuno. Asubuhi tucheze gofu, mchana tukale kwenye mizabibu. Mnasemaje?"

Haikupita dakika, Hafida akajibu: "Naam! Fimbo zangu zimeshika vumbi."

Naoual naye: "Hatimaye kapatikana mwenye akili."

Touria aliyasoma majibu hayo mara mbili. Uwanja wa gofu wa Meknes uko katikati ya mji, ndani ya kuta za sultani wa zamani, na yeye hupita kando yake kila asubuhi na kikapu cha mnanaa. Angesema nini? Kwamba wenziwe wote wamejifunza mchezo wa wakubwa huko waliko, na yeye aliye na uwanja mlangoni hajui hata fimbo inashikwa upande gani? Wangemwonea huruma, na hakuna kitu Touria alichokichukia kama kuonewa huruma na watu anaowapenda. Basi akaandika alichoandika, akabonyeza.

"Safi," akajibu Jaouad. "Basi Touria ndiye mwenyeji, Touria ndiye atakayepanga kila kitu."

Mbarek akaketi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Alikuwa msimamizi wa wakata mizabibu kwenye shamba kubwa upande wa El Hajeb, mtu mrefu, mpole, mwenye viganja kama magome. "Haya," akasema, "mambo ya chakula niachie mimi. Nitamwomba bwana shamba meza moja mwisho wa safu, penye kivuli cha mizeituni, na dada yangu atapika. Lakini mambo ya gofu, bibi yangu, huko uende na Mungu."

*

Kesho yake alipotoka kazini alikwenda uwanjani. Ofisini palikuwa na kijana mmoja aliyevaa tai, akampa fomu. Touria alizijua fomu kuliko alivyoijua sura yake. Aliijaza kwa mwandiko wa karani, majina manne, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tisa, saa tatu asubuhi. Kijana akaipitia kwa kalamu.

"Bado handikapu zenu, Lalla," akasema, akimwita bibi kwa heshima.

Touria hakujua handikapu ni mnyama gani. Alidhani ni kifaa.

"Tutakuja nazo," akasema.

"Naam, lakini ni ngapi?"

"Zote. Kila mtu ana ya kwake, alhamdulillahi."

Nje ya dirisha mtu akapaliwa na kicheko. Kijana wa tai alikuwa na adabu, akainamisha macho kwenye fomu, akasema si haraka, anaweza kuileta wiki ijayo. Touria alitoka masikio yakimwaka moto, na pale kwenye benchi akamkuta mzee mfupi mwenye kofia ya kufumwa, akijifuta mdomo. Mzee akainuka, akamfuata mpaka kwenye lango.

"Nisamehe, Lalla. Mimi naitwa Allal. Mwaka wa arobaini na mbili huu nabeba fimbo za watu hapa. Hebu niambie bila kuficha: umewahi kushika fimbo?"

"Ya ufagio."

"Si haba. Wako wanaokuja hapa hata hiyo hawajaishika." Akamtazama vizuri. "Wageni wako wanakuja lini?"

"Baada ya wiki tatu na siku nne."

"Wenyewe wanajua kucheza?"

"Wote, Ami Allal. Mmoja fimbo zake zimeshika vumbi kwa kuzichezea zamani sana."

Mzee Allal akakuna kidevu. Handikapu, akamweleza, ni namba tu anayopewa mchezaji ili ijulikane kiwango chake. Ikiwa ndogo, mtu huyo ni hodari, ikiwa kubwa, bado. "Waulize wenzako namba zao. Wewe mwenyewe njoo kesho, saa kumi na mbili, kabla wenye uwanja hawajaamka. Usivae viatu vya kisigino."

Basi Touria akaanza kuamka gizani kama mwokaji mikate. Siku ya kwanza alizungusha fimbo mara kumi na moja, na mara kumi na moja mpira ulibaki ulipo, umetulia kama umepigiwa msumari. Siku ya pili ulikwenda, lakini kombo. Uligonga ukuta wa sultani, na korongo aliyekuwa kwenye kiota chake juu akageuza shingo akamtazama kama mkaguzi kutoka wizarani. Siku ya nne aling'oa bonge la nyasi kubwa kuliko mkate. Siku ya sita mikono ilitoka malengelenge, na Mbarek akampaka mafuta ya zeituni kimya kimya, bila mzaha hata mmoja, jambo lililomuumiza zaidi kuliko mzaha.

"Unaupiga kama una kisasi nao," Ami Allal alikuwa akimwambia. "Mpira haujakukosea. Upitie tu. Kama unamvuta mtoto shuka apate kulala."

Siku ya tisa aliupitia. Hakusikia kishindo mikononi, hakusikia chochote, ila mlio mdogo mkavu, *tak*, kama lozi inayovunjika, na mpira ukapanda. Ulipanda mpaka ukawa nukta nyeupe kwenye anga iliyoanza kupambazuka, ukakaa huko muda ambao Touria hakuutegemea, kisha ukashuka mbali, pale alipoutaka ushukie. Alisimama na fimbo begani. Alikuwa na miaka hamsini na minne, alikuwa amelea watoto wawili na kumuuguza baba yake miaka saba mpaka akamzika masika iliyopita, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho jambo lililotoka mikononi mwake lilikuwa halina faida kwa mtu yeyote, na tamu namna hii.

"Haya," akasema Ami Allal, akijifanya anafuta fimbo. "Sasa nyumbani kwako watakula chakula cha jana."

*

Wakati huohuo maandalizi yaliendelea. Touria aliuliza kwenye kundi: "Wapenzi, ofisi ya uwanja inataka handikapu zenu. Kila mtu aandike yake."

Kundi ambalo halikuwa likinyamaza hata kwenye futari lilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu Jaouad aliandika kumi na nane. Hafida akafuata: "Mimi sijawahi kushuka chini ya tisini." Naoual aliandika kwamba Lyon wanahesabu kwa namna nyingine, ngumu kueleza, lakini ni nzuri.

Touria alimpelekea Ami Allal simu asome. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akakohoa kwa muda mrefu.

"Huyu wa tisini kazi yake nini?"

"Hakimu."

"Ah. Basi siwezi kusema neno."

"Kwani vibaya?"

"Lalla, mimi ni mbeba fimbo. Mtu akiniambia ana tisini, namwambia masha Allah."

Baada ya hapo kila mmoja akaanza kumpigia Touria kwa siri, na kila mmoja alikuwa na sharti lake. Hafida alipiga saa ya chakula cha mchana. "Shoga yangu, hapo kwenye mizabibu, nisipigwe picha karibu na chupa. Hata chupa ya maji, unanisikia? Watu wangu wa Tanja wakiona chupa hawaulizi ya nini."

"Nimekuweka mwisho wa meza, upande wa chai. Mimi na Mbarek tuko huko."

"Na wanaokunywa?"

"Upande wa pili. Katikati nimeweka zabibu, kila mtu achukue kwa namna yake."

"Ungekuwa hakimu wewe, kesi zingeisha." Kisha kwa sauti ndogo: "Hivi, Touria, huo uwanja... ni mkubwa sana?"

Naoual naye alipiga kutoka dukani kwake. Alitaka kujua uwanja una mashimo mangapi.

"Tisa."

"Tisa tu? Maskini. Mimi nimezoea mengi."

"Kama mangapi?"

Naoual akamgeukia mteja aliyekuwa akijaribu miwani, kisha akarudi kwenye simu. "Kama ishirini na matano hivi."

Touria alipomwuliza Ami Allal kama Lyon wana viwanja vya mashimo ishirini na matano, mzee alitazama korongo juu ya ukuta. "Lyon ni mbali," akasema. "Mimi nimefika Fes tu."

Jaouad hakuuliza kuhusu uwanja hata kidogo. Yeye alituma picha: begi jipya la fimbo, jekundu, kubwa kama jeneza la mtoto wa mfalme, limeegemezwa kwenye kiti cha kung'olea meno. Touria alipoiona ile picha aliongeza dakika ishirini kwenye mazoezi yake ya alfajiri.

*

Wageni waliingia Ijumaa, kila mmoja kwa njia yake, na usiku huo walikula kuskusi nyumbani kwa Touria, wakasema yote ambayo watu husema wakionana baada ya miaka thelathini na mitano, na gofu haikutajwa. Jumamosi saa tatu kasorobo walikuwa wamesimama wote wanne mahali pa kuanzia, juu ya nyasi fupi. Hafida alikuwa amevaa kofia pana kama sinia ya arusi. Naoual alikuwa na viatu vyeupe visivyojua vumbi. Begi la Jaouad lilikuwa bado na karatasi ya dukani, inapeperuka. Ami Allal alikaa kando amekunja mikono, uso wake hauna habari.

"Haya," akasema Jaouad, akipiga makofi. "Nani anaanza?"

"Daktari, wewe ndiye uliyetoa wazo," akasema Hafida. "Tafadhali."

"Mbele ya hakimu? Hata! Wanawake kwanza. Naoual katoka mbali, mgeni wa wageni. Tafadhali, Naoual."

"Mimi? Mimi nimetoka kwenye ndege jana, mabega yamekaza. Hafida, dada mkubwa, anza wewe."

"Dada mkubwa nani? Tumepishana miezi miwili! Jaouad, wallahi hutanitangulia kurudi nyuma. Anza."

"Siwezi, wallahi siwezi, nitakuwa nimewakosea adabu."

Ikaenda hivyo kama watu wanne mlangoni pa hamamu. Waliapishana, walishikana mikono, walisukumana kwa upole kuelekea kwenye mpira. Nyuma yao wakafika mabwana wawili waliovaa kofia zinazofanana, wakasimama na fimbo zao wakisubiri. Ami Allal akasafisha koo.

"Mwenyeji ndiye hufungua mlango," akasema.

Wote wakashika tawi hilo kama wanaozama. "Ndiyo! Touria! Mwenyeji!"

Touria akachukua fimbo namba saba. Aliwaza shuka, aliwaza mtoto, kisha akaacha kuwaza. *Tak.* Mpira ukapanda juu ya njia ya nyasi, ukanyooka, ukaanguka hatua mia moja na zaidi mbele yao, ukadundadunda ukatulia. Mmoja wa wale mabwana wa nyuma akasema, "Umeenda sawa, Lalla."

Naoual alikuwa wa kwanza kufungua mdomo, na alichosema ni: "Mungu wangu, huyu anajua kweli."

"Kweli namna gani?" akauliza Touria.

Naoual akavua miwani. "Sikilizeni. Mimi sijui. Sijawahi. Lyon napita kwenye uwanja nikiwa ndani ya basi."

"Na mashimo ishirini na matano?"

"Nilibuni."

Hafida akamgeukia kwa jicho la mahakamani, kisha jicho likamshinda, akaanza kutikisika chini ya kofia. "Mimi fimbo zangu zilizoshika vumbi ni za mapazia. Nilidhani nyote mnacheza! Nikasema, hakimu mzima niwe ndiye mshamba peke yangu?"

"Na ile tisini?"

"Nilidhani ni alama kama za mtihani. Nikasema nisijishushe."

Wakamgeukia Jaouad. Daktari alikuwa amekaa juu ya begi lake jekundu, amejishika kichwa. "Nilinunua begi," akasema. "Begi ninalo."

"Lakini wewe ndiye uliyesema gofu!" wakamwambia kwa pamoja.

"Kwa sababu ya Touria!" Akamwonyesha kidole. "Picha yako ya kwenye simu. Umesimama kwenye uwanja wa gofu, bendera ile nyuma yako, umetabasamu. Nikasema, ala, Touria anacheza gofu siku hizi."

"Jaouad, ile ni arusi ya mpwa wangu. Tulikuja hapa kupigwa picha."

"Nitajuaje? Mara tatu tumekuita uje Casablanca, mara tatu umekataa. Mara baba anaumwa, mara mtihani, mara mama mkwe. Nikasema tukimwita kwenye jambo letu atakataa tena. Tumwite kwenye jambo lake. Gofu yake hataikataa." Akainua mabega. "Hukukataa."

Touria aliinama akaokota kijiti chake cha kuwekea mpira, akakifuta, akakifuta tena. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema kwamba na yeye, wiki tatu zilizopita, alikuwa hajui kitu. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini wale watatu walikuwa wakimtazama kwa namna ambayo hakuna mtu aliwahi kumtazama nayo kupitia dirisha la karani, na akaona, ah, ngoja kidogo.

"Haya, jaribuni basi," akasema. "Kila mtu mara moja."

Walijaribu. Jaouad aliilima nchi. Mpira wa Hafida ulikwenda hatua nne, naye akatangaza kwamba unatosha na kesi imefungwa. Naoual aliukosa mpira, akakosa mizani, akakaa chini na viatu vyake vyeupe mbele, akacheka akashindwa kuinuka. Wakawapisha wale mabwana wawili, ambao walipita wakiuma midomo.

"Sasa twendeni tukanywe kahawa," akasema Hafida akijipangusa.

"Mimi..." akasema Touria, akanyamaza. Mpira wake ulikuwa kule mbele, mweupe, unamngoja. "Nendeni. Mimi nitaumalizia tu ule mmoja."

Naoual alimtazama usoni. Watu walioketi dawati moja husoma haraka. "Umalizie yote tisa," akasema. "Sisi tutafuata. Jaouad, beba begi, umelinunua la nini?"

Hivyo ndivyo Touria Meskini alivyocheza mashimo yote tisa, na mashahidi watatu nyuma yake. Usidhani alicheza vizuri. Shimo la tatu alipoteza mipira miwili kwenye michungwa. Shimo la saba alitumbukia kwenye mchanga, akatoka kwa mapigo matano, nguo imejaa mchanga mpaka kwenye mikono, na Hafida akataka kuandika hati ya kumtoa. Lakini kulikuwa na ule mlio, mara moja katika kila shimo, mara nyingine mbili, na kila ulipotokea Jaouad aliangusha begi na kupiga kelele kama yuko kwenye mpira wa miguu, wenye uwanja wakageuka. Ami Allal alihesabu kwa kimya: sabini na moja. Mchezaji hodari angetumia thelathini na sita. Wale watatu hawakujua hilo, walidhani sabini na moja ni karibu na rekodi, na mzee hakuona sababu ya kuwasumbua.

*

Walifika shambani wamechelewa saa nzima. Mbarek alikuwa amesimama mwisho wa safu, penye mizeituni, akilinda chungu cha tajini dhidi ya nyigu. Wavunaji walikuwa wamemaliza kipande cha mwisho upande huo asubuhi ileile. Makreti matupu yalipangwa kando ya njia, na hewa ilinuka majani makavu na sukari. Meza ilikuwa kama ilivyopangwa: mkate, biringanya za kuponda, kondoo na plamu kavu, chai upande huu, chupa mbili upande ule, zabibu katikati. Hafida alikwenda moja kwa moja upande wa chai, akaiondoa hata chupa ya maji.

Mbarek hakuwaruhusu kula kabla ya kutafuna kokwa la zabibu. Aliwapa kila mmoja zabibu moja nyeusi. "Likikatika kama njugu, imeiva. Likiwa laini, subiri."

"Na wewe hujawahi kuonja hata tone la kinachotoka humu?" akauliza Jaouad, akijimiminia glasi.

"Mimi namlea bibi arusi," akasema Mbarek. "Mambo ya chumbani hayanihusu."

Jaouad alicheka mpaka divai ikamwagika kwenye mkono wa shati. Kisha Naoual akamshika Mbarek begani. "Wewe mtu wewe! Umetuficha miaka yote kwamba mkeo ni bingwa wa gofu. Laiti ungeona!"

Mbarek alifungua mdomo. Akamtazama mkewe, mchanga kwenye mikono ya nguo, mashavu yamewiva kwa jua. Akaufunga mdomo. Alikuwa mtu ambaye hata umri wa mche hakuwahi kuupunguza mwaka.

"Ee," akasema, akikata mkate bila kuwatazama. "Yeye hapendi kujisifu."

Masikio yake yakawa mekundu. Touria aliyaona, na hapo ndipo uongo wote ulipomwishia, mara moja, kama taa inavyozimika.

"Wiki tatu," akasema.

"Wiki tatu nini?"

"Nimejifunza wiki tatu. Alfajiri, na Ami Allal, ili nisiaibike mbele yenu. Kabla ya hapo sikujua hata handikapu ni nini. Nilimwambia karani wa uwanja kila mtu atakuja na yake mkononi." Akanyoosha viganja juu ya meza, malengelenge yote yaonekane. "Na huyu asidanganye kwa ajili yangu, hajui namna, angalieni masikio yake."

Hafida akavua kofia yake kubwa, akaiweka juu ya zabibu.

"Yaani kati ya watu wanne," akasema kwa sauti ya kusoma hukumu, "hakuna hata mmoja aliyetaka gofu."

"Mimi nilitaka," akasema Touria. Akashangaa mwenyewe jinsi ilivyotoka haraka. "Si wakati ule. Sasa. Naipenda. Naipenda sana, na mchanga wake, na yote."

Jaouad akaweka glasi chini, akainuka, akavuka upande wa chai akiwa na begi lake jekundu, akaliegemeza kwenye kiti cha Touria, na ile karatasi ya dukani akaing'oa kwa meno, kwa kuwa ndiyo kazi yake. "Basi hili ni lako. Nisirudi nalo Casablanca, mke wangu keshaanza kuuliza kama ni mtu nimemweka humo. Usinikatalie, Touria. Mara ya nne sitakubali."

Hakukataa. Walikula mpaka jua likahamia safu ya pili, wakavuta meza kulifuata kivuli, na katika kuhama huko upande wa chai na upande wa divai zikachanganyika, Hafida akapigwa picha karibu na chupa, akasema potelea mbali, lakini isitumwe Tanja.

Alhamisi iliyofuata, baada ya kengele ya mwisho, Touria alikwenda uwanjani mchana kweupe, kwa lango kubwa, begi jekundu mgongoni. Kijana wa tai alimwandika kwenye daftari bila kumwuliza namba yoyote. Saa kumi na moja na nusu Mbarek alitokea kutoka shambani, vumbi bado kwenye kope, akaketi kwenye benchi na Ami Allal. Aliletewa chai akasahau kuinywa. Mkewe alikuwa mbali kwenye nyasi, mdogo, peke yake, akijipanga, akijipanga tena.

"Anangoja nini?" akanong'ona Mbarek.

"Hangoji kitu," akasema Ami Allal. "Anaufaidi wakati huu tu."